Baba Yuko Namba Kumi na Nne

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Nilikuwa nimepiga magoti uani kwa mzee wa watu, mikono imejaa udongo, namzika baba yangu chini ya mche wa waridi, na mwenye nyumba yuko jikoni ananichemshia chai bila habari.

Msomaji mmoja ameniletea ujumbe anauliza kama sina haya. Ninayo. Ndiyo maana naandika.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni Glenys Hartshorn, nimefundisha watu udereva hapa Halifax mpaka magoti yakagoma. Baba yangu, Wilfred, alifariki mwezi wa tatu. Alilelewa na bibi yake, Keturah, mfumaji wa kiwanda cha sufu, ambaye enzi za Malkia Victoria aliishi Mtaa wa Garnet, namba 14. Nyumba ilikuwa mali ya kiwanda. Mumewe alipouawa na mashine, Bibi Keturah akatolewa nje na watoto na vitanda vyake, hata matanga hayajaisha.

Baba alikua akisikia habari hiyo kila siku ya Mungu. Pale hospitali akanishika mkono, akasema, "Glen, mkishanichoma, majivu yangu yapelekeni kwa bibi. Walitutoa pale. Mmoja wetu arudi."

Nikamwahidi. Nikaitafuta namba 14, nikaikuta, na ndani yake nikamkuta Mzee Clement Tordoff, mgane, anaishi peke yake na redio. Nikamwomba nipande waridi la kumkumbuka Bibi Keturah. Akakubali palepale. Kuhusu baba sikusema neno. Baba alikuwa ndani ya mfuko wa mboji, nimeshamchanganya vizuri.

Niliogopa angekataa. Alikuwa na mpango wa kuiuza nyumba ahamie karibu na binti yake, na nani atanunua nyumba yenye marehemu wa watu uani?

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Sasa sikieni yaliyofuata.

Mdogo wangu Averil alikuja kutoka New Zealand. Hakuwahi mazishi, ndege zilimvuruga, na hilo linamuuma mpaka leo. Kitu cha kwanza alichosema uwanja wa ndege, hata hajanikumbatia sawasawa, ni, "Nipeleke kwa baba."

Nikampeleka Mtaa wa Garnet. Tukasimama upande wa pili wa barabara, nikamwonyesha namba 14, mlango wa kijani, mapazia meupe. Nikamwambia waridi liko nyuma, limeshika, lina majani mapya.

Averil akaitazama ile nyumba muda mrefu. Nikadhani ni uchungu.

Kumbe alikuwa anahesabu milango.

Kesho yake akaenda maktaba. Akarudi mchana na ramani ya zamani waliyomtolea nakala, kubwa kama shuka, akaifungua juu ya meza yangu na kuisukuma sahani ya biskuti pembeni.

"Dada, kaa chini."

"Si nimekaa."

"Kaa vizuri."

Nikakaa vizuri.

"Hii ndiyo Garnet ya wakati wa Bibi Keturah," akasema. "Ona namba. Zinaanza chini, moja, mbili, tatu, nne, zinapanda upande mmoja tu mpaka kule juu kanisani. Halafu zinavuka barabara na kushuka upande wa pili."

"Sawa."

"Sasa hivi ziko hivyo?"

Haziko hivyo. Sasa hivi ziko kama mitaa yote: witiri upande huu, shufwa upande ule.

"Walibadilisha, dada. Baadaye kabisa, walipoongeza nyumba. Namba 14 ya bibi ni mlango wa kumi na nne ukipanda. Leo mlango ule ni namba ishirini na saba. Uko ng'ambo, kule juu."

"Haiwezekani."

"Hesabu."

Nikahesabu kwa kidole. Nikarudia. Nikavaa miwani nikarudia tena.

"Ile klabu yenu ya kutafuta ukoo," Averil akasema, "hawakuwafundisha hili?"

Walitufundisha. Ndilo somo la kwanza kabisa. Mwenyekiti alisimama siku ile na kusema namba ya nyumba ni kitu cha mwisho kuaminiwa, kwanza uliza kama mtaa ulipangwa upya. Watu wote wakaandika. Mimi nilikuwa nahangaika kufungua karatasi ya sandwichi yangu. Miaka yote nimewapigia kelele wanafunzi waangalie kioo kabla ya kukata kona, na yangu niliikata nimefumba macho.

"Basi nimekosea nyumba tu," nikasema. "Mtaa ni uleule. Baba hatanuna."

"Hujaniuliza nani alikuwa anakaa hapo ulipomweka."

"Nani?"

Averil akachukua biskuti, akaitafuna yote. Ana tabia hiyo tangu utoto, anakuacha uive kwanza.

"Enoch Sugden."

Hilo jina halikuhitaji maelezo katika familia yetu. Enoch Sugden ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba za kiwanda. Ndiye aliyekuja na watu wawili na mkokoteni. Bibi Keturah alipomwomba angoje mvua ikatike, alimjibu kwamba mvua si ya kiwanda. Baba alikuwa akilitaja jina hilo anatema mate kwenye sinki.

"Uongo," nikasema.

"Nimesoma sensa ya wakati ule kule maktaba. Ndiye aliyekuwa akikaa pale, yeye na mkewe na mtumishi mmoja. Ndiyo maana nyumba ile ina chumba cha ziada. Umemchukua baba, dada, umempeleka mwenyewe kwa mikono yako, ukamlaza uani kwa Sugden."

Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka mpaka nikashika meza, halafu kicheko kikageuka kilio. Averil akanipa taulo la jikoni nifute uso. Hakunishika bega. Sikumlaumu.

"Tunamtoa," akasema.

"Tunamtoaje? Amechanganyika na mboji."

"Tunang'oa waridi na udongo wake wote tunapeleka namba 27. Nimeshabisha hodi. Ni mume na mke wenye mapacha, mke ni nesi. Nimewaeleza kila kitu, wamesema karibuni wakati wowote, mume kasema atatuchimbia shimo yeye mwenyewe."

"Umeshaongea nao?"

"Ndiyo, watu huwa tunaongea kwanza. Wewe ndiye unayeanza na sepeto."

Hapo alinipiga pa kupigwa. Nikasema nitamwona Mzee Tordoff wiki ijayo nimweleze taratibu. Averil akasema wiki ijayo yeye yuko angani anarudi kwake, na safari hii hataondoka kabla hajamzika baba yake.

"Unamwambia leo," akasema. "Usipomwambia wewe, namwambia mimi, na mimi unanijua."

Sasa lazima niwaambie kitu ambacho wiki iliyopita sikukigusa, kwa sababu kinaniaibisha kuliko hata ule mfuko wa mboji.

Tangu nipande lile waridi, nilikuwa nakwenda kwa Mzee Tordoff kila Alhamisi. Nilikuwa nakwenda kumwona baba, lakini yeye alidhani nakwenda kumwona yeye. Kila Alhamisi ananikatia keki ya matunda na kipande cha jibini juu yake, desturi ya huku, anakaa mbele yangu, anasema, "Haya mwanangu, nipe mengine ya Bibi Keturah."

Nami nampa. Mwanzoni nilimpa ya kweli. Yalipoisha, nikatunga. Nilimwambia pale penye redio ndipo kitanda cha mtoto kilipokuwa. Nilimwambia Bibi Keturah alikuwa akikaa kwenye ngazi ya nyuma jioni anamenya viazi na kuimba. Mzee akaanza kukaa kwenye ngazi ile ile. Alisema nyumba haiko kimya kama zamani.

Kwa hiyo siku ile niliegesha gari mbele ya namba 14 bila hamu ya keki. Nikamwambia Averil asubiri ndani ya gari.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ukifungua mdomo atapata shinikizo la damu."

"Nakupa muda wa chai moja," akasema, akakunja mikono.

Mzee Tordoff alifungua mlango hata sijabisha. Alikuwa amevaa sweta lake la Jumapili na kuchana nywele.

"Umekuja siku ambayo si yako," akasema, "lakini umekuja siku nzuri. Geuka, tazama hapo."

Nikageuka. Kando ya mlango, kwenye lile jiwe jeusi la ukuta, palikuwa na kibao kipya kidogo. Kimechongwa: KETURAH HARTSHORN, MFUMAJI, ALIISHI HAPA.

"Jirani amenichongea," akasema. "Mtu wa posta amesimama kukisoma. Mwanamke mmoja kapiga picha. Unasemaje?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kibao cha bibi yangu mlangoni kwa Sugden.

"Kizuri, mzee," nikasema.

"Unalia?"

"Upepo tu."

"Upepo gani? Ingia ndani, aaa, nyie Hartshorn mna machozi ya karibu."

Tukaingia. Maji yalikuwa yameshachemka. Akaleta keki, akaleta jibini, akakaa, mimi nikashika kikombe.

"Mzee, nimekuja kwa sababu kuna jambo."

"Mimi pia ninalo. La kwangu kubwa, nianze mimi." Akajifuta mdomo. "Siuzi nyumba."

"Huuzi?"

"Nimemwambia Lorna jana kwenye simu. Amekasirika, binti yangu, amesema nimechanganyikiwa, chumba ameshakipaka rangi. Nikamwambia mama, hii si nyumba ya kuuza kama viatu. Hapa watu walizaa, hapa mwanamke na watoto wake walitupwa nje mvuani, na leo kitukuu chake anakuja kunywa chai. Niiache niende wapi, nikakae kwenye chumba cha wageni nitazame bwawa la samaki?"

"Mzee, sikiliza. Lorna huenda ana haki."

"Lorna hajawahi kukaa na wewe Alhamisi."

Nikaweka kikombe chini. Nilijua nikisubiri tena sitasema kamwe. Nikasema, "Mzee Tordoff, mimi nimekudanganya."

Yeye akatabasamu kwa huzuni. Akanyoosha mkono akaupigapiga mkono wangu, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nataka kufarijiwa.

"Basi tuko wawili," akasema. "Na mimi nimekuficha kitu. Tangu siku ile ya kwanza. Niache nikitoe, kinanikaa hapa."

"Mzee, tafadhali, niache mimi kwanza."

"Muriel wangu yuko uani."

Sikuelewa. Nilitazama dirishani, nikidhani ana maana kuna mtu.

"Mke wangu. Majivu yake. Nilimweka mwenyewe, pale ukutani, penye jua. Alikuwa anapenda kuanika nguo pale. Ulipokuja ukasema unataka kupanda waridi, ukaenda moja kwa moja mpaka mahali pale pale, ukasema hapa, hapa ndipo panapofaa. Nikataka kukwambia hapana. Neno lilifika hapa." Akagusa koo. "Halafu nikawaza, huyu mwanamke nyumba hii ni ya damu yake, mimi nimeinunua tu. Yeye ana haki ya kuchagua. Na Muriel alikuwa anapenda waridi."

Nilikumbuka siku ile. Nilipochimba, udongo ulitoka na unga mweupe mweupe. Nikasema moyoni, safi, huyu mzee anaijua bustani, ameshaweka chokaa. Nikaukoroga pamoja na wa kwangu. Nikaushindilia kwa viganja.

"Uso wako umebadilika," Mzee Tordoff akasema. "Najua. Watu wengine hawapendi. Ndiyo maana sikukwambia, nilidhani utaogopa, hutarudi tena."

"Siogopi, mzee."

"Kweli?"

"Kweli."

Alivuta pumzi ndefu. Nilimwona anapata nafuu mbele ya macho yangu, mabega yanashuka, mtu mzima na mwili wake mdogo ndani ya sweta.

"Kila asubuhi nakwenda kumsalimia," akasema. "Namwambia hali ya hewa. Nimemwambia habari zako zote. Kitu kimoja tu ninachotaka, Glenys, na hicho nimemwambia hata mwanasheria. Siku yangu ikifika, niwekwe pale pale. Mimi na yeye, basi. Miaka hamsini tulilala kitanda kimoja hatukuwahi kuingiza mtu wa tatu katikati."

Alicheka kidogo. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa.

Halafu akaacha kucheka. Akanitazama, si kwa shaka, bali kama mtu anayehakikisha amezima jiko kabla ya kulala.

"Siku ile ulipanda waridi tu, sivyo, mwanangu? Hukumsumbua?"

Hapa, msomaji, ndipo nilipotakiwa kuwa mtu. Nilikuwa nimeshaanza. Neno la kwanza lilikuwa limeshatoka, nimekudanganya, yalibaki machache tu. Baba yangu alinilea nisiseme uongo, na sababu ya uongo wote huu ilikuwa ni yeye.

"Waridi tu," nikasema.

Mzee Tordoff akaitikia kwa kichwa, akachukua kisu akanikatia kipande kingine cha keki. Alikata kikubwa kuliko cha kwanza.

Nilikuwa bado nakitazama kile kipande niliposikia mlango wa gari ukifungwa nje. Nikasimama. Sikuwahi. Averil habishi hodi, yeye huingia, na mlango wa mbele wa Mzee Tordoff haujawahi kufungwa kwa ufunguo mchana.

Alipita sebuleni akatokea jikoni, na macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani alikuwa amesoma kibao.

"Shikamoo mzee," akasema. "Mimi ni Averil, mdogo wake Glenys."

"Ooo, yule wa mbali," Mzee Tordoff akasema, akiinuka kwa furaha, anatafuta kikombe cha tatu. "Karibu, karibu mama. Mnafanana pua."

"Averil, twende," nikasema. "Tutakuja siku nyingine."

"Umemwambia?"

"Twende."

"Dada. Umemwambia au hujamwambia?"

"Aniambie nini?" mzee akauliza. Bado ameshika kikombe, anatabasamu, anamtazama huyu na yule.

Averil alinitazama mara moja tu. Najua aliona jibu. Akamgeukia mzee, na nitamtetea hapa, alisema kwa upole kuliko nilivyowahi kumsikia akisema na mtu yeyote.

"Mzee, samahani sana. Nyumba hii si ya bibi yetu. Dada alikosea, ya bibi ni namba 27. Na chini ya lile waridi yuko baba yetu. Alimweka bila ruhusa yako. Tumekuja kukuomba tumchukue, tutachimba kidogo tu, tutakuachia pasafi."

Redio ilikuwa inasema habari za hali ya hewa. Mzee Tordoff akaiendea akaizima. Akakiweka kile kikombe mezani, akakisogeza mpaka kikakaa sawa kwenye sahani yake.

"Baba yenu," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Pale."

"Ndiyo."

Hakumtazama Averil tena. Alinitazama mimi, na nilitaka anitukane. Wallahi ningelipa anitukane. Angeniita mwongo, mshenzi, angeninyang'anya ile keki. Hakufanya hata kimoja.

"Amechanganyika na nini, Glenys?" akauliza. "Ulipomweka. Ulimweka peke yake, au ulikoroga?"

Averil akageuka kunitazama. Yeye hakuwa na habari ya Muriel, hakuelewa kwa nini mzee anauliza swali la namna hiyo, wala kwa nini mimi nimeshika ukingo wa sinki.

"Nilikoroga," nikasema.

Mzee Tordoff akaenda kwenye mlango wa nyuma. Akaufungua kwa kuuvuta kwa nguvu, maana huwa unakwama, na uani waridi likaonekana pale ukutani kwenye jua. Kando ya ngazi kulikuwa na sepeto lake la bustani. Akaliokota, akarudi nalo, akanishikisha.

"Haya," akasema. "Nenda kachimbe. Umtoe baba yako chembe zote, na Muriel wangu umwache chembe zote."

Kisha akavuta kiti mpaka mlangoni, akakaa, mikono juu ya magoti, akinisubiri nianze.